Usaili wa kuandika msimbo: unapima uhandisi au mazoezi?

Mtoa mada: Wakuu, nina miaka 11 kwenye kazi hii ya kuandika programu. Juzi nimefanya usaili wa dakika 45: swali la njia fupi kwenye grafu (mtandao wa nukta zilizounganishwa), msaili ananikodolea macho. Nikakwama. Kazini sijawahi kukutana na swali hilo. Ninachokutana nacho ni hitilafu ya saa nane usiku, ndani ya msimbo wa mtu aliyeshaondoka. Sasa pale nilipimwa nini?

Kipimajoto: Ulipimwa kama umejiandaa. Maswali yanajulikana, LeetCode, tovuti ya kuyafanyia mazoezi, ipo wazi. Nimesaili watu wenye wasifu wa kurasa nne wakashindwa FizzBuzz, yaani kuhesabu 1 hadi 100 na kubadili vigawe vya 3 na 5 kuwa maneno. Bila jaribio utawabainije? Shida ya nyinyi wazee ni kwamba mmesahau mliyosoma.

MamaWawili: Wazee? Nina miaka 42 na mfumo ninaousimamia haujalala hata siku moja mwaka huu. Hayo maandalizi unayosema ni saa mbili kila usiku kwa miezi. Usiku mimi nalaza watoto. Asiye na majukumu anapita, mimi naachwa, halafu mnaita huo uwezo.

Kipimajoto: Dada, sikukusudia kukuvunjia heshima. Lakini kila fani ina mtihani wake. Rubani naye hupimwa.

FundiKimya: Rubani hupimwa akirusha, hachoreshwi injini ubaoni. Mmemsahau Max Howell, aliyeunda Homebrew, programu ya kusakinisha programu nyingine kwenye Mac? Mwaka 2015 alieleza kwamba Google walimkataa kwa kushindwa kugeuza mti wa binari (data iliyopangwa kwa matawi mawili mawili) ubaoni, na wahandisi wao wenyewe wanatumia programu yake.

Kipimajoto: Mtu mmoja huyo. Kampuni inayopokea maombi lukuki haiwezi kumpa kila mtu wiki ya majaribio.

MamaWawili: Umerukia kwa rubani, la umri umelikwepa. Haya, chukua utafiti wa 2020 wa North Carolina State na Microsoft. Wanafunzi 48, swali moja. Wengine ubaoni wakiwa peke yao chumbani, wengine ubaoni mbele ya msaili. Waliotazamwa, matokeo yao yalishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake waliotazamwa hakufaulu hata mmoja. Wanawake waliokuwa peke yao walifaulu wote.

Kipimajoto: 48 ni wachache mno kuhukumia tasnia nzima.

FundiKimya: Na wewe umehukumu wazee wote kwa wangapi?

Mtoa mada: Jamani, mimi ni mwanamume wa miaka 34, sikuuliza habari ya uzee. Nimeuliza kinachopimwa.

MamaWawili: Ndicho ninachokijibu, kaka. Kipimajoto, hao walioshindwa FizzBuzz, walikuwa peke yao au uliwakalia?

Kipimajoto: Nilikuwa nimekaa pembeni yao. Wote.