Mama anatoka nyumbani kila magharibi, jirani namwambiaje?

BintiWete: Assalaam alaykum wenzangu. Niko Wete namuuguza mama yangu mzazi, ana miaka 76, mwaka wa tatu huu anasahau. Alianza kuuliza kitu kimoja mara kumi, akawa anaunguza vyungu, sasa hata mimi ananiita jina la dadaake aliyekwisha kufa. Mtihani mkubwa ni magharibi, ikifika saa kumi na mbili anajifunga kanga zake anataka kwenda kuchuma karafuu, juzi tumemkuta njia ya bandarini miguu mitupu, nililia mbele za watu. Daktari kasema ni maradhi ya kusahau, dimenshia, lakini kuna majirani wanasema mama kachezewa, basi kwa kuona haya nikawa namfungia ndani na sisemi na mtu. Ndugu zangu wako Unguja na Maskat, pesa wanatuma Mungu awalipe, ila kumkosha, kumlisha na kukesha ni mimi tu. Tangu Mfunguo Mosi sijalala usiku mzima. Mliopitia haya mlifanyaje, jirani unamwambiaje bila mama kuvunjiwa heshima?

Mtambwe_Kaskazini: Waalaykum salaam, pole sana dadaangu. Baba yangu alikuwa hivo hivo miaka minne mpaka akafariki. Sisi tulimficha, siku alopotea waliotoka na tochi kumtafuta ni wale wale tuliowaficha, niliona haya mno. Baada ya hapo kaka akenda kwa sheha, kisha akamuomba imamu asimame baada ya sala ya Ijumaa, akasema maneno mafupi tu, mzee wetu anaumwa maradhi ya kusahau, mkimuona peke yake msimcheke wala msimvute, mwambieni twende tukanywe kahawa mumrejeshe. Wenye maduka, vijana wa bodaboda, watoto wa chuoni wote wakajua. Heshima yake haikupungua wallahi, ilizidi. Namba ya simu tuliishona ndani ya kanzu. Na kama mna kisima kifunikeni leo leo.

Nesi_Chake: Kuhangaika magharibi ni kawaida kwa maradhi haya, akili imechoka na vivuli vinamtisha, washa taa kabla giza halijaingia. Usibishane nae kuwa si msimu, mpe sinia la karafuu achambue makonyo, mikono yake bado inakumbuka. Ila akibadilika ghafla, siku mbili tatu tu anaweweseka au hakutambui kabisa, mpeleke hospitali upesi, kwa wazee mara nyingi ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, au upungufu wa maji na hivyo vinatibika. Presha na sukari pia zipimwe, presha ikiachwa inaharibu mishipa ya ubongo. Dawa ya kuyaponya kabisa haijapatikana popote, tangu daktari Alois Alzheimer alipoeleza habari za mgonjwa wake Ujerumani 1906 mpaka leo, kwa hivo anaekwambia anayo usimpe pesa zako. Dua msomeeni, ila kumfungia kunamzidishia khofu.

KakaMkubwa_Ng'ambo: Mimi ndo nilikuwa yule ndugu wa kutuma pesa. Nilikuja Pemba wiki mbili kukaa na bibi yetu, usiku wa tatu tu nikamfahamu dada yangu na nikamuomba radhi. Waite ndugu zako uwaambie wazi, pesa haikeshi, kila mmoja achukue likizo kwa zamu, asoweza alipe msichana wa kukusaidia mchana. Na pensheni jamii anapata? Ile iliyoanza 2016 kwa waliofika miaka 70, kama hajaandikishwa muulize sheha.

BintiWete: Nyote Mungu awazidishie. Jana nimekwenda kwa yule yule jirani alosema mama kachezewa, nikamueleza kila kitu, akanyamaza kitambo kisha akasema marehemu mamaake alikuwa hivi na wao walimpeleka kwa waganga mpaka wakauza ng'ombe. Atakuwa anakuja Jumatano na Jumamosi mchana akae nae mimi nilale. Karafuu nimempa, kachambua sinia zima kimya na magharibi imepita, saa nne ndo kaamka anataka kanga zake, nikakaa nae tukachambua tena.