Adui wa katuni akijirudi: ni nini kinachotufanya tumwamini?

Hoja ya mjadala

Naleta hoja ambayo huzusha mabishano kila ninapoitaja mbele ya wapenzi wa katuni. Adui anayejirudi hatushawishi kwa sababu ameteseka, wala kwa sababu utoto wake ulikuwa wa majonzi, bali kwa sababu ameacha kitu alichokuwa nacho mkononi. Toba ya aliyeshindwa ni nyepesi. Aliyepoteza jeshi, kiti na washirika, kisha akaja upande wa steringi akiwa mikono mitupu, amehama tu mahali palipobomoka, nasi hatuna njia ya kujua angefanya nini lau angeshinda.

Wengi humsifu Zuko wa Avatar: The Last Airbender, katuni ya Marekani iliyooneshwa kati ya mwaka 2005 na 2008, wakisema kwamba alipewa muda wa kutosha. Muda ulikuwepo kweli, misimu mitatu yenye vipindi 61, lakini zipo katuni ndefu kuliko hiyo ambazo adui wake hugeuka na mtazamaji asisadiki hata kidogo. Kinachonishawishi mimi ni mpangilio wa matukio. Mwana huyu wa mfalme alichomwa uso na baba yake mwenyewe, Ozai, akafukuzwa nchini akiwa na miaka 13, akaambiwa asirudi mpaka amkamate Avatar, yaani steringi mwenye jukumu la kuleta amani duniani. Mwishoni mwa msimu wa pili anapata nafasi ya kugeuka: amefungiwa pamoja na Katara, mwenzake Avatar, chini ya mji wa Ba Sing Se, msichana huyo anamwonea huruma hadi anakuwa tayari kutumia maji matakatifu aliyoyatunza ili aliponye kovu lake, na baba yake mkubwa, Iroh, anamsihi achague wema. Zuko anachagua ubaya. Anarudi nyumbani, baba anampokea, anakalishwa mkono wa kuume wa mfalme katika baraza la vita, na kila alichokililia kwa miaka mitatu anakipata. Hapo ndipo anapotambua kwamba hakitaki. Siku ya kupatwa kwa jua, wakati watu wa Taifa la Moto, nchi ya Zuko, hawana nguvu zao za kurusha moto, anamkabili baba yake ana kwa ana, anamweleza ukatili wake, kisha anaondoka kwenda kuwaunga mkono wale aliowawinda.

Mlinganisheni na Catra, kamanda wa jeshi la maadui katika katuni ya She-Ra and the Princesses of Power (2018–2020). Mwishoni mwa msimu wa tatu anavuta wenzo unaofungua lango ambalo ameshaonywa kwamba litauangamiza ulimwengu, na Malkia Angella anajitoa ili wengine waokoke. Moyo wake unageuka katika msimu wa mwisho tu, akiwa ndani ya chombo cha Horde Prime, mtawala mvamizi kutoka angani, bila jeshi wala rafiki. Anamwokoa Glimmer, binti wa malkia yuleyule, na tendo hilo ni zuri sana. Nauliza tu: aliacha nini?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa hoja, kipimo chako kimeshonwa kwa mwili wa Zuko, kwa hiyo si ajabu kwamba kinamkaa Zuko peke yake. Catra aliacha uhai wake. Alimtorosha Glimmer akijua kwamba yeye atabaki na kwamba Horde Prime hatamsamehe, na wala hakuwa na ahadi yoyote kwamba kuna atakayekuja kumchukua. Aidha, alikuwa ameanza kujipendekeza kwa Prime na kujitafutia nafasi chini yake. Nafasi hiyo, hata kama ilikuwa finyu, aliitupa.

Kipimo hicho kinakwama kabisa kwa Vegeta wa Dragon Ball Z, katuni ya Kijapani. Huyu alikuja duniani kuua na kuteka, akashindwa, na baadaye akabaki kwa sababu ambazo mwanzoni hazikuwa na uadilifu wowote: alitaka kumzidi nguvu Goku, steringi wa katuni hiyo. Hakuna siku ya toba katika maisha yake. Anaishi na Bulma, rafiki wa Goku, anapata mtoto, na mazoea ya kuishi na watu yanamlainisha bila yeye kutaka kukiri. Kisha, katika sehemu ya hadithi inayohusu jitu liitwalo Majin Buu, anajitoa kwa hiari kwa mchawi Babidi ili urudi ule ubaya wa zamani, na anawaua watazamaji wa mashindano ili kumlazimisha Goku apigane naye. Anapofika mahali pa kujitoa mhanga, anamkumbatia mwanawe, halafu anamwuliza Piccolo, mpiganaji mwenzao, kama atakutana na Goku huko ahera. Piccolo anamjibu kwamba hapana, kwa sababu ameua watu wasio na hatia. Kwa maoni yangu hakuna jibu la uaminifu zaidi katika katuni zote za aina hii, kwa maana mwandishi anakubali kwamba tendo jema ni jema kweli, na bado halifuti hesabu. Katuni nyingi humwua adui katika tendo lake la kwanza la wema ili zisilazimike kutuonesha namna atakavyoishi kesho yake na aliowadhulumu. Vegeta anafufuliwa, na inambidi aishi.

Mchangiaji wa pili

Nyote wawili mmemtazama mkosaji. Mimi namtazama aliyekosewa, kwa sababu mwenye kovu usidhani amepoa. Zuko anapofika kwenye Hekalu la Hewa la Magharibi, walipo Avatar na wenzake, hapokelewi: anamchoma miguu Toph, mmoja wao, kwa bahati mbaya, na muuaji aliyemkodi yeye mwenyewe kumwinda Avatar anatokea, naye hawezi tena kumzuia kwa maneno. Baada ya wote kukubali, Katara bado anamwahidi kwamba akiteleza mara moja tu atammaliza. Hasira ile ina haki, nasi tunaachwa tukae nayo kwa vipindi kadhaa.

Katika Steven Universe, katuni ya mtoto Steven na viumbe walio vito, hali ni tofauti. Almasi watawala wameteka sayari, na shambulio lao la pamoja limewageuza wapiganaji wengi kuwa majinamizi yasiyojitambua. Lakini katika kipindi kirefu cha Januari 2019, Almasi Mweupe anaona haya usoni, utawala wake unayumba, na muda mfupi baadaye yumo kwenye kidimbwi akisaidia kuwaponya waathiriwa. Maelfu ya miaka ya dhuluma yamejibiwa kwa aibu ya dakika moja. Tena tunaambiwa tuwaelewe kwa kuwa walifiwa. Sababu si udhuru.

Mtoa hoja

Kuhusu Vegeta nasalimu amri. Nilikuwa nimewasahau wanaojirudi bila kutangaza, ambao huenda ndio wengi. Kipimo changu kinafaa kwa yule anayegeuka kwa uamuzi, hakifai kwa yule anayegeuka kwa mazoea.

Kuhusu Almasi, nadhani mchangiaji wa pili amesimama kabla ya mwisho. Katika Steven Universe Future (2019–2020) tunawaona wakifanya kazi ya kurekebisha: Almasi wa Manjano anawaunganisha vipande vipande wale waliovunjwavunjwa, kazi ya polepole isiyo na makofi. Muhimu zaidi, Steven mwenyewe, aliyedhaniwa kuwa amesamehe, anapopewa nafasi ya kuuendesha mwili wa Almasi Mweupe anakaribia kumbamiza kwenye nguzo. Waandishi walikiri, ingawa wamechelewa, kwamba mtoto yule alikuwa amesimamisha vita tu, wala hakuwa amesamehe. Mfululizo wa kwanza ukitazamwa peke yake, lawama inabaki palepale.

Kuhusu Catra nakubali kwamba alijitoa, na ninaondoa swali langu la alichokiacha. Lakini nikikitumia kipimo cha aliyekosewa, tatizo linahamia kwa Glimmer. Binti huyu amempoteza mama kwa mkono wa Catra, na muda mfupi baadaye wanasafiri chombo kimoja wakitaniana. Angeweza kumsamehe, simkatazi. Ila Katara alipewa kipindi kizima cha kumtafuta muuaji wa mama yake kabla hajamkumbatia Zuko, na Zuko hata hakuwa amemgusa mama huyo.