Naomba ushauri: kumpeleka bimkubwa kula chakula cha jioni baharini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tunataka kumpeleka Mama kula chakula cha jioni kwenye jahazi hapo Mji Mkongwe, ale pweza wa nazi huku anatazama jua likizama na taa za Forodhani zikiwaka. Goti linamsumbua, hawezi kuingia majini kufuata chombo wala kupanda ngazi ya kamba.

Wadogo zangu wameshikilia usiku wa mwezi mpevu. Mwezi mzuri, lakini ndiyo bamvua: maji hujaa alasiri, na ikikaribia saa nne usiku yameshatoka mbali, tofauti inapita mita 3. Kupanda tutapanda, hofu yangu kushuka. Nimewauliza wenye vyombo kadhaa, wote jibu lao "tutambeba". Mama hakubali kubebwa, namjua.

Naomba kujua: kuna jahazi linalopakia na kushusha watu gatini, si ufukweni? Na kusi hii, jioni bahari hutulia kiasi cha mtu mzima kula kwa raha, au tungoje Novemba?

Ahsanteni sana.