Kumwandikisha mtoto katika kundi la skauti, Bukavu

Mama wa Kadutu: Ndugu zangu, mwanangu wa miaka 11 anaomba kuingia kundi la skauti la parokia yetu, je, atavishwa skafu siku hiyo hiyo?

Jibu: Hapana, mama. Skafu huvaliwa baada ya kula kiapo, naye atajifunza kwanza sheria, mafundo ya kamba na salamu ya vidole 3, maana chama hiki, tangu kambi ya mwanzilishi wake, Baden-Powell, kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, hufundisha kwa vitendo.

Jibu: Wangu hurudi akinuka moshi, lakini fundo alilofunga kwenye ndoo yetu halijalegea mpaka leo. Uliza mapema kuhusu mchango wa kambi. Sisi tuliambiwa usiku wa kuamkia safari, jambo lililotuudhi.

Mama wa Kadutu: Asanteni, nitamwona kiongozi wao baada ya misa.