Nimeuziwa gasketi siyo, injini imeharibika, na muuza spea ananicheka

Assalaam alaykum wakubwa. Leo siku ya nne nina dukuduku hili kifuani, nikizidi kunyamaza ntapasuka.

Mie nina Dyna kuukuu, injini 3L, bodi ya mbao, chai maharage zile za abiria mnazozijua. Wiki mbili nyuma natoka Konde na magunia ya karafuu, mshale wa moto ukapanda hadi juu. Nikasimama, nikafungua kifuniko cha oili: rangi ya chai ya maziwa! Hapo hata mtoto anajua, maji yameingia kwenye oili, gasketi ya hedi imekwenda, ile inayoziba kati ya hedi, kichwa cha juu cha injini, na bloku ya chini. Fundi wetu hapa Wete, Pemba, akataka laki tatu na nusu na nimsubiri siku kumi. Siku kumi, yakhe, na karafuu ziko majamvini! Shemeji yangu kakaa gereji Dar miaka miwili, akasema tuifungue wenyewe. Tukaifungua uani, chini ya mwembe.

Sasa sikilizeni. Nimekwenda duka la spea Chake na gasketi ya zamani mkononi. Nimemwekea mezani. Hata kuitupia jicho hakuitupia. "3L zote moja hizo, ami, chukua hii." Shilingi 85,000. Nikalipa, nikashukuru na kushukuru.

3L zote moja! Gasketi za injini hii zina herufi, B, D na F, na kila herufi ina unene wake. Unapima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku, ndipo unachagua. Yangu ilikuwa F, nene kuliko zote. Yeye kanipa B, nyembamba kuliko zote. Herufi imepigwa pale pale kwenye gasketi, mtu anayeuza vitu hivi kila siku anashindwaje kuiona?

Na mie nina langu, sikatai. Hedi iliyochemka ilitakiwa itizamwe kwa rula ya chuma kama imepinda, sisi tumeifuta kwa kitambaa na petroli tukairudisha. Bolti ni zile zile za zamani. Kukaza, inatakiwa uanze katikati ukitoka nje, kwa spana ya kipimo, kilo 8, halafu robo mzunguko, halafu robo nyengine. Sisi spana ya kipimo hatuna. Shemeji kavalisha bomba la maji kwenye mpini na kukaza kwa kukisia. Bolti moja ikawa inakwenda tu, laini, kama anakaza kwenye muhogo. Nikamwambia simama. Akanambia mie ndo niliyekaa gereji.

Tukawasha. Ka-ka-ka-ka, kama mtu anagonga sufuria. Shemeji anasema ni hewa kwenye dizeli, itatoka. Nikaamini! Nikaingia njiani, hata nusu ya njia ya Chake sijafika, ikachemka tena, moshi mweupe, abiria wakashuka wakiniangalia kama nimewaibia.

Tumefungua mara ya pili. Vichwa vya pistoni vina alama zinazong'aa, vimekuwa vikigonga hedi. Na ile bolti ya muhogo imekatika, nusu imebaki ndani ya bloku.

Nikarudi dukani na gasketi zote mbili, nikamuonesha herufi. Anacheka! "Gasketi ikishafungwa hairudi, ami. Na nani kakwambia ufungue injini mwenyewe?" Mbele ya wateja. Mie mtu mzima, nina wajukuu.

Shemeji tangu siku hiyo simu hapokei, dada yake ndo anamtetea kwangu eti niwe na subira.

Nauliza: kuna mtu hapa Pemba anayetoa bolti iliyokatika bila kuharibu nyuzi za bloku, na anayechonga hedi ikakaa sawa? Au lazima nipakie kila kitu kwenye boti pale Mkoani nipeleke Unguja? Anayejua bei anambie bei ya kweli. Na lile duka hapa silitaji, anayetaka kununua spea Chake aniulize pembeni kwanza.