Harufu za dukani zaniumiza, naomba ushauri

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi. Kila nikiingia supamaketi, nikifika tu upande wa sabuni za unga, dawa za mbu na marashi ya kupuliza, kichwa chagonga, koo lawasha, kizunguzungu juu. Nikitoka nje kwenye upepo, napoa polepole. Sokoni sidhuriki, hata penye samaki! Barakoa ya kitambaa haisaidii, maana haizuii mvuke wa kemikali. Mavyaa asema ni shetani. Mimi sikubali, ila udi nyumbani nao umeanza kunikereketa. Kuna aliyepata nafuu? Nianze na daktari wa mapafu au wa aleji? Na barakoa zenye chujio la makaa zapatikana wapi huku Pwani?