Naomba ushauri: Karva Chauth inakaribia na mimi nanyonyesha

Habari zenu wapendwa. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa na Mpunjabi, tunaishi Delhi kwa wazazi wake. Karva Chauth ni mfungo wa Kihindu: siku ya 4 baada ya mwezi mpevu, Oktoba hivi, wanawake walioolewa hufunga kuwaombea waume zao maisha marefu.

Mwaka jana nilifunga na sikujuta. Mama mkwe aliniamsha kabla ya alfajiri na sinia la sargi, ndiyo daku yao: tambi za maziwa, matunda, chapati. Baada ya hapo hata tone la maji hakuna mpaka mwezi uchomoze, kama saa 2 usiku. Na huo mwezi, jamani! Tulipanda juu ya paa mara tatu, mawingu tu. Ulipotoka nikautazama kupitia chekeche la unga, kisha nikamtazama mume wangu kwa chekeche hilohilo, akaninywesha maji. Sijawahi kunywa maji matamu vile.

Shida ni mwaka huu. Mtoto ana miezi 3, chakula chake ni ziwa langu tu. Najua zipo familia zinazomruhusu mjamzito au anayenyonyesha kunywa maji; wifi yangu mwenyewe alikula matunda alipokuwa na mimba. Lakini mama mkwe ameshaninunulia bangili nyekundu na hina, na mume anasema "ongea naye wewe". (Wanaume!)

Mlioolewa huku, nimwambieje asione nadharau mila zao? Nimtangulize wifi, au niende naye kwa daktari akasikie mwenyewe?